Kubadilisha kapasita zilizovimba kwenye madabodi ya zamani

Kompyuta ya mezani iliyotoka kiwandani kati ya mwaka 1999 na 2007 ikianza kujizima yenyewe, kukwama kwenye skrini ya bluu, au kugoma kuwaka mpaka swichi ibonyezwe mara tatu nne, usikimbilie kuilaumu Windows. Fungua kasha, mulika tochi kwenye madabodi, yaani bodi kuu, pembeni ya prosesa. Hapo pana safu ya vimkebe vya alumini vilivyovikwa ngozi ya plastiki, kimo chake sentimita 2 hivi. Hizo ndizo kapasita za elektrolaiti, vipuri vinavyoweka akiba ndogo ya umeme na kuitoa inapohitajika. Iliyo nzima kifuniko chake ni bapa na kimekwaruzwa alama ya K, T au msalaba. Iliyokufa kifuniko kimetuna, mkwaruzo umeanza kuachia, na pengine juu yake pameganda ukoko wa kahawia ambao wengi hudhani ni kutu.

Kuzibadilisha ni kazi ya mchana mmoja na inafanyika nyumbani. Wanaoshindwa hushindwa mahali pawili tu. Kwanza, wananunua kapasita kwa kusoma maikrofaradi (kipimo cha akiba yake) na volti peke yake. Pili, joto la chuma cha kulehemu halifiki ndani ya tundu la mguu wa kapasita, wakavuta kwa nguvu, wakararua bodi. Mengine yote ni madogo.

Kilichomo ndani ya mkebe

Ndani kuna utepe wa alumini uliotiwa ngozi nyembamba ya oksaidi, utepe wa pili usio na ngozi hiyo, na katikati yake karatasi iliyoloweshwa elektrolaiti, yaani majimaji yanayopitisha umeme. Vyote vimeviringwa pamoja na kuzibwa chini kwa kizibo cha mpira. Elektrolaiti za madabodi zina maji mengi, kwa kuwa maji hupunguza ukinzani. Lakini maji yakiifikia alumini tupu hutoa gesi ya haidrojeni, na ndiyo sababu elektrolaiti nzuri huchanganywa na viambato vya kuzuia mmenyuko huo. Kwenye miaka ya mwanzo ya 2000 zilitapakaa sokoni kapasita ambazo mchanganyiko wake haukuwa sawa. Gesi ilijaa, mkebe ukatuna. Hasara haikuwa ndogo: mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kukarabati au kubadilisha kompyuta za OptiPlex zilizokuwa na vipuri vibovu vya aina hii.

Hata kapasita bora ina siku zake. Kipimo chake huandikwa kwa saa katika joto la juu kabisa, mfano saa 2000 kwenye nyuzi 105 za Selsiasi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, umri huongezeka maradufu. Kwa hiyo kapasita hiyo ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 itahimili saa 32,000, yaani miaka mitatu na nusu na ushei ya kuwashwa mchana na usiku. Ikikaa karibu na kipoza joto cha prosesa kilichojaa vumbi, hesabu inabadilika vibaya.

Kwa nini hizi zilizo pembeni ya prosesa ndizo hufa kwanza? Pawa saplai inaleta volti 12, ilhali prosesa inataka volti 1.4 hivi, kwa mkondo wa ampea makumi. Kati yao kuna transista zinazofunga na kufungua mara laki kadhaa kwa sekunde, na koili zinazofuata. Kapasita zilizo upande wa kuingilia hutoa umeme kwa vishindo kila transista inapofunguka. Zilizo upande wa kutokea husawazisha kile kinachopelekwa kwa prosesa. Zote zinachajiwa na kumwagwa bila kupumzika, na mkondo huo unapopita kwenye ukinzani wa ndani ya kapasita hugeuka kuwa joto.

Ukinzani huo wa ndani, ambao kwenye karatasi za data za watengenezaji huandikwa ESR, ndio moyo wa suala zima. Chukua kapasita tano za upande wa kutokea, kila moja ikiwa na miliomu (elfu moja ya omu) 10. Zikiwa zimeunganishwa sambamba, kwa pamoja ni miliomu 2. Prosesa ikidai ghafla ampea 10 zaidi, volti inazama kwa milivolti 20, jambo ambalo haliisumbui. Sasa weka tano nyingine zenye maikrofaradi zilezile lakini miliomu 100 kila moja: volti inazama kwa milivolti 200. Kwenye volti 1.4, hapo prosesa inakosea hesabu na kompyuta inaganda. Mkebe wenye ukinzani mkubwa pia hujichemsha, hujikausha, ukinzani ukazidi kupanda, na jirani zake wakabebeshwa mzigo wake. Ndiyo maana hazifi moja moja kwa muda mrefu. Moja ikianguka, zilizobaki hufuata haraka.

Hapo pia utaelewa kwa nini mashine hugoma ikiwa baridi na kukubali baada ya majaribio kadhaa. Elektrolaiti iliyochoka ikiwa baridi ina ukinzani mkubwa. Kila jaribio la kuwasha huipasha kidogo, ukinzani unashuka, mwishowe mashine inaamka.

Kabla ya kununua chochote

Anza na pawa saplai, maana dalili zake ni zilezile. Pima kwa multimita mashine ikiwa imewaka: laini ya 12 iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, ya 3.3 iwe kati ya 3.14 na 3.47. Nyingine iliyo nzima ikiwa karibu, ipachike ujaribu nayo. Dakika tano hizo zinaweza kukuepusha na kazi ambayo haikuhitajika.

Kisha chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, toa betri ya CR2032 na prosesa. Weka multimita kwenye omu na upime soketi ya pini nne inayopeleka volti 12 kwa prosesa, kati ya pini ya waya wa manjano na ya waya mweusi. Namba itaanza chini na kupanda taratibu kapasita zinapochajiwa na mita. Ikiganda chini ya omu chache, kuna transista iliyopiga shoti. Kapasita mpya hazitaiponya bodi hiyo, na ukiiwasha hivyo volti 12 zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Shughulikia transista kwanza, au iache.

Kuhusu kutambua zilizokufa: kifuniko kilichotuna ni ushahidi tosha, kifuniko bapa si ushahidi wa uzima. Zipo zinazosukuma kizibo cha mpira chini badala ya kutuna juu, nazo huonekana zimeinama kidogo au zimenyanyuka kutoka kwenye bodi. Zipo pia zinazokauka bila kuacha alama yoyote. Usichanganye na gundi ya rangi ya maziwa au kahawia ambayo viwanda huimwaga kwenye shina la vipuri. Gundi haitoki kwenye mkwaruzo wa juu.

Mita ya kawaida ya maikrofaradi inadanganya hapa. Kapasita inayovuja ndani inaweza hata kusomeka zaidi ya kile kilichoandikwa, mwenye mita akaridhika. Kinachohitajika ni mita ya ESR inayopima kwa kilohezi 100, na kipuri kiwe kimetolewa kwenye bodi, kwa sababu kikiwa na ndugu zake sambamba unapima familia nzima. Kwa vitendo, moja ikituna kwenye kundi la prosesa, badilisha kundi zima la aina ileile. Kuacha tatu zilizobaki kwa kuwa zinaonekana nzima ni kujitafutia kazi ya pili baada ya miezi michache.

Kuchagua mbadala

Kwenye ngozi ya kapasita kuna namba na herufi. Tuseme imeandikwa 1500 µF (maikrofaradi), 6.3 V, 105°C, na pembeni herufi mbili tatu za mfululizo wake. Watu huziruka herufi hizo, ilhali ndizo zinazobeba ESR. Tafuta karatasi ya data ya mfululizo huo, nenda kwenye mstari wa ukubwa wa mkebe wako, andika mambo mawili: ukinzani na mkondo wa mawimbi unaovumilika, yaani ule wa kuchajiwa na kumwagwa bila kupumzika. Mbadala uwe na ukinzani sawa au mdogo zaidi, na mkondo sawa au mkubwa zaidi.

Kwa mizani: mikebe ya kazi za kawaida, ile inayouzwa bila maelezo, inaweza kuwa na miliomu mia na zaidi. Mifululizo ya ukinzani mdogo kama FM na FR ya Panasonic, kwenye mkebe wa kipenyo cha milimita 10 na urefu wa 20, iko kwenye miliomu 20 hivi. Ile iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya madabodi, kama HM ya Nichicon au MBZ ya Rubycon, ilikuwa karibu na 12 kwa mkebe wa kiasi hicho, lakini imekuwa adimu. Kwa hiyo FM au FR inafaa kwenye memori, kadi za upanuzi na sehemu nyingi za bodi, ila kwa upande wa kutokea wa prosesa huenda isitoshe. Hapo ndipo polima zinapoingia, nitazifikia.

Maikrofaradi zina uhuru kiasi. Kiwanda chenyewe kinaruhusu asilimia 20 juu au chini, na kuongeza kutoka 1500 hadi 1800 au 2200 hakuna tatizo. Volti iwe ileile au ya juu kidogo: 6.3 kwenda 10 ni sawa, mradi mkebe utoshee. Kushuka chini ya iliyoandikwa ni marufuku kwa elektrolaiti. Joto, nyuzi 105. Za nyuzi 85 ziache dukani.

Pima pia mwili. Mkebe wa milimita 8 una miguu iliyoachana milimita 3.5, wa milimita 10 miguu yake imeachana 5. Mkebe mnene zaidi hauingii kati ya koili mbili hata ukiubembeleza, na mrefu zaidi unaweza kugongana na kipoza joto au kadi ya picha. Pima urefu kwa rula huku kipoza kikiwa mahali pake.

Nunua kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji. Kapasita bandia ni biashara kubwa: mkebe mdogo hutiwa ndani ya mkubwa, au ngozi ya jina kubwa huvalishwa mkebe wa mitaani. Na usiokoe kapasita kutoka bodi nyingine ya umri uleule. Unahamisha mgonjwa kutoka kitanda kimoja kwenda kingine.

Polima

Polima ni kapasita ambayo badala ya elektrolaiti ya majimaji ina plastiki inayopitisha umeme. Haina cha kukauka wala kutoa gesi. Mkebe wake ni mtupu, bila ngozi ya plastiki, mara nyingi bila mkwaruzo, na juu una kipande cha rangi kilichokatwa kama mwezi mchanga. ESR yake iko kati ya miliomu 5 na 10.

Kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo hivyo, haihitaji maikrofaradi nyingi. Upande wa kutokea wa prosesa, polima ya 820 µF inachukua nafasi ya elektrolaiti ya 1500 bila shida. Volti yake hapo inaweza kuwa 2.5 kama prosesa haizidi volti 1.75, maana polima zinavumilia kufanyia kazi karibu na kikomo chake. Lakini pima sehemu yenyewe kabla ya kutoa kapasita, wala usikisie kutokana na umbo la bodi. Polima ya volti 2.5 ikiwekwa kwenye laini ya 3.3 ni shoti inayosubiri saa yake. Upande wa kuingilia, penye volti 12, weka ya volti 16, yenye 270 µF au 470.

Kuna mtego mmoja. Vidhibiti vya umeme vya bodi za zamani, vile vinavyoongoza transista za prosesa, vilipangwa vikitegemea ukinzani fulani wa elektrolaiti ili visiyumbe. Ukiweka polima tupu kila mahali, kidhibiti kinaweza kuanza kutetereka: koili zinalia kwa sauti nyembamba, volti ya prosesa inacheza. Ikitokea, rudisha elektrolaiti mbili tatu za ukinzani mdogo kwenye kundi hilo na uache polima zilizobaki. Bodi nyingi hazisumbui, ila ni vizuri kujua pa kuanzia zikisumbua. Pia polima huvujisha mkondo zaidi, hivyo haifai kwenye saketi ndogo za kupima muda.

Joto ndani ya tundu

Madabodi ina tabaka nne au zaidi za shaba. Mguu hasi wa kapasita umeunganishwa na tabaka la athi, yaani karatasi nzima ya shaba iliyoenea chini ya bodi yote. Ukigusa mguu huo kwa chuma cha wati 25, unajaribu kupasha karatasi nzima. Lehemu ya juu inalainika, ya katikati ya tundu inabaki jiwe.

Chuma kiwe na kidhibiti joto na nguvu ya wati 60 au zaidi, ncha bapa ya milimita 3 hivi. Ncha iliyochongoka kama sindano haifai hapa. Eneo la kugusana ni dogo mno. Anza na nyuzi 370, panda hadi 400 kwa miguu ya athi. Bodi zilizotengenezwa baada ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha madini ya risasi, kwa kawaida zina lehemu isiyo na risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 na kuendelea. Ya zamani yenye bati 63 na risasi 37 huyeyuka kwenye 183.

Ndiyo maana hatua ya kwanza inawashangaza wengi: ongeza lehemu kabla ya kutoa. Paka fluksi (dawa inayosaidia lehemu kutiririka na kushika) kwenye miguu yote miwili upande wa chini, yeyushia juu yake lehemu mpya yenye risasi. Ikichanganyika na ya zamani, kiwango cha kuyeyuka kinashuka, na tone lile la majimaji linapeleka joto ndani ya tundu kuliko ncha kavu inavyoweza. Zipo aloi zenye bismathi zinazoshusha kiwango hicho hata zaidi, zikabaki majimaji kwa sekunde nyingi. Zinasaidia kwenye bodi ngumu, lakini zisafishwe zote baadaye: bati, risasi na bismathi vikikutana hufanya mchanganyiko unaoyeyuka karibu na nyuzi 96, na hutaki hilo kwenye bodi inayopata moto.

Simamisha bodi kwa ubavu, kiasi kwamba mkono mmoja unashika mkebe na mwingine chuma. Pasha mguu mmoja. Tone litang'aa ghafla kama kioo. Hapo sukuma mkebe kwa kidole uelekee upande wa pili, mguu utatoka nusu milimita. Hamia mguu wa pili, pasha, sukuma kinyume. Rudi wa kwanza. Baada ya mizunguko mitatu minne mkebe unatoka wenyewe. Ukisikia unavuta, umewahi mno. Kila mguso usizidi sekunde tano hivi. Tone lisipong'aa, pumzisha bodi, ongeza fluksi na lehemu, jaribu tena.

Bodi ikikataa kabisa, ipashe yote kwanza. Mashine ya kukaushia nywele au hewa ya moto iliyoelekezwa kwenye eneo hilo kwa dakika moja mbili, mpaka bodi ifike karibu nyuzi 100, inalipunguzia tabaka la athi njaa yake. Tofauti utaihisi mara moja.

Kuvuta kwa nguvu kuna gharama gani? Kila tundu limevikwa bomba jembamba la shaba linalounganisha tabaka zote. Mguu ukitoka na kipete cha shaba umeuzungukia, bomba limeng'oka, na tabaka za ndani zimepoteza mawasiliano na kapasita yako. Bado kuna njia: kapasita za kundi moja zimeunganishwa sambamba, kwa hiyo unaweza kuvuta waya mfupi mnene kutoka mguu huo hadi mguu wa jirani mwenye laini ileile. Hakikisha kwanza kwa multimita kwamba ni laini ileile kweli.

Kuzibua matundu huchukua muda kuliko kutoa kapasita. Utambi wa shaba ulioloweshwa fluksi hufaa kwa upande chanya. Kwa athi, pampu ya kunyonya inafaa zaidi: pasha upande mmoja, nyonya upande mwingine wakati chuma bado kinagusa. Ikibaki ngozi nyembamba, pasha na usukumie kijiti cha meno cha mbao au sindano ya chuma cha pua, kwani lehemu haishiki kwenye hivyo. Usitoboe kwa keekee. Itatoboa, na bomba la shaba litaondoka pamoja na vumbi.

Kupachika

Kwenye elektrolaiti na polima za mkebe, alama huwa upande hasi: mstari kwenye ngozi, au mwezi wa rangi juu ya mkebe. Kwenye bodi, duara la kapasita lina nusu iliyopakwa rangi, na kwa kawaida nusu hiyo ni hasi. Kwa kawaida, si daima. Wapo watengenezaji walioweka kinyume. Basi piga picha safi kabla ya kung'oa chochote, kisha hakiki kwa multimita: tundu ambalo multimita inalia likiunganishwa na tundu la skrubu la bodi ndilo athi, na kwenye maeneo haya athi ndiyo hasi. Kapasita iliyogeuzwa inaweza kupasuka, na elektrolaiti ya moto si kitu cha kupokelea kwa uso.

Ingiza miguu bila kulazimisha. Tundu likikataa bado kuna lehemu ndani, na mguu ukiusukuma kwa nguvu utabandua kipete cha shaba upande wa pili. Mkebe ukae sawa juu ya bodi, lehemu ipande mpaka ionekane upande wa juu pia. Kata miguu ibaki milimita moja na nusu, ukiwa umevaa miwani; vipande vile huruka. Safisha fluksi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki wa zamani, acha bodi ikauke. Chumba kiwe na hewa, na nawa mikono kabla ya kula, kwa sababu ya risasi.

Kuwasha mara ya kwanza

Rudia kipimo cha omu kwenye soketi ya pini nne na kwenye laini za 12, 5 na 3.3. Ikiwa ipo iliyoshuka karibu na sifuri na awali haikuwa hivyo, umeacha daraja la lehemu mahali fulani. Litafute kwa lenzi kabla ya kuchomeka umeme.

Anza na prosesa, kipoza chake na memori moja. Diski ziache pembeni. Washa, subiri sekunde kumi, zima, chomoa, kisha gusa kapasita mpya moja moja. Vuguvugu ni sawa. Inayochoma kidole imegeuzwa au haifai. Ikipita, endesha Memtest86+, programu ya kupima memori, usiku kucha na asubuhi iache mashine ipoe kabisa, kisha uiwashe. Kuamka kwa mara ya kwanza ikiwa baridi ndiyo mtihani halisi, kwa sababu ugonjwa ulionekania hapo. Mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya volti, apime mawimbi moja kwa moja: kiwango cha ATX cha pawa saplai za kompyuta za mezani kinaruhusu milivolti 120 kwenye laini ya 12, na 50 kwenye laini za 5 na 3.3, kutoka kilele hadi bonde.

Bodi za kabla ya hapo

Mashine za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kama Macintosh SE/30 au Amiga 600 na 1200, zina ugonjwa tofauti. Kapasita zake ndogo za kubandikwa juu ya bodi hazivimbi, zinavuja kimyakimya na kula njia za shaba. Ukigusa lehemu yake kwa chuma na ikanuka samaki, elektrolaiti imeshatoka. Osha eneo kwanza, na palipo na ukijani tumia siki kidogo, kisha maji safi, kisha alkoholi, ndipo ulehemu. Vinginevyo vipande vya shaba vya kubandikia vitabanduka pamoja na kapasita.

Wengi hubadilisha hizo kwa kapasita za madini ya tantalamu, na hapo kuna hatari ya kugeuza pande. Kwenye tantalamu mstari unaonyesha chanya, kinyume kabisa na elektrolaiti. Nazo zikizidiwa hazikauki polepole, zinapiga shoti na kuwaka moto. Chagua yenye volti mara mbili ya zile zitakazopita.

Mwisho, rudi kwenye pawa saplai uliyoipima mwanzoni. Kama ni ya umri wa bodi, kapasita zake za upande wa kutokea zina hali ileile, hata kama volti bado zinasomeka vizuri, na mawimbi yake yatachemsha zile mpya ulizoweka. Ibadilishe nzima. Kuifungua ni kazi nyingine kabisa: kapasita yake kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kushikilia volti 325 hadi 400 hata baada ya waya kuchomolewa.